Zamu ya Jorinde Golini

Kila Alhamisi baada ya shule, Jorinde alikula haraka vipande viwili vya mkate vilivyonyunyiziwa chembe za chokoleti, akafunga mgongoni gongo lake la kuchezea mpira na kupanda baiskeli. Njia ya kwenda uwanjani ilipita juu ya tuta la mto, na upepo wa huko haukuwa na adabu: ukienda unakupiga usoni, ukirudi unakupiga usoni vilevile. Jorinde hakujali. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na katika timu ya wasichana ya kijiji cha Dorenwaard hakuna aliyefumania nyavu kama yeye.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Jorinde alisifiwa kila Jumamosi. Kwake mpira wa magongo ulikuwa kitu kimoja tu: mpira ulipo, na yeye yupo. Ukienda kulia, huyo. Ukienda kushoto, huyo. Wenzake nao wakazoea kumfuata, wakawa wanajazana penye mpira kama kuku penye mtama.

"Kila mtu ana nyumba yake," Kocha Wietske aliwaambia Alhamisi moja, akipanga makreti ya matofaa uwanjani ili kugawanya sehemu. "Fenna, kwako ni huku kushoto. Jorinde, wewe mbele katikati. Mpira ukiwa kwa jirani, usiende kumpokonya. Kaa pale anapoweza kukuona."

"Lakini nikikaa, Kocha, mpira hauji."

"Utakujaje, na wote mko hukohuko ulipo? Mpira hauchoki, mwanangu. Uacheni ndio ukimbie."

Jorinde aliitikia kwa kichwa, na kabla mazoezi hayajapamba moto alikuwa ameshasahau. Siku hiyo kila mtu alikuwa na akili nusu. Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, dhidi ya wasichana wa mjini wenye jezi za njano. Dorenwaard wakishinda, watakuwa mabingwa, na mabingwa wa kijiji hicho hupandishwa kwenye gari la shamba, na kuvutwa kwa trekta mtaa kwa mtaa, maua shingoni na honi zikilia. Babu yake Jorinde, mzee Berend, alikuwa ameshaliosha gari lake la kubebea matofaa. Jorinde alitamani kulipanda tangu alipokuwa mdogo wa kubebwa mabegani.

Mazoezi yalipokwisha, Kocha Wietske alikuja akiburuta begi kubwa kama godoro.

"Jorinde, vifaa vya kipa hivi hapa. Jumamosi ni zamu yako."

Jorinde alipigwa na butwaa. Timu yao haikuwa na kipa wa kudumu. Kila mmoja alikaa golini kwa zamu. Zamu yake ilikuwa imefika Januari, nyasi zikiwa na barafu, naye akampa Fenna mfuko wa pipi nyeusi za chumvi ili wabadilishane. Zamu ya Fenna ilikuwa mwisho kabisa wa msimu. Nani angeikumbuka?

"Fenna, mwenzangu," alibembeleza, "hebu turudishiane."

"Turudishiane nini? Pipi zako nilizimaliza Januari hiyohiyo."

"Nitakununulia mifuko miwili."

"Hata ulete duka zima. Nilisimama pale vidole vimekufa ganzi, wewe unafunga mabao. Ahadi ni deni, dada."

Jumamosi uwanja ulijaa. Jorinde alisimama golini na viatu vinene kama mito ya kitanda, kofia ngumu ikimbana masikio. Kutoka pale aliuona mpira ukienda mbali, ukirudi, ukienda tena, na kila mara miguu yake ilijitikisa yenyewe.

Kisha mpira ukaponyoka katikati ya uwanja, hauna mwenyewe. Jorinde hakustahimili. Alitoka golini mbio, viatu vikipiga pa pa pa, huku Kocha Wietske akipaza sauti, "Rudi! Rudi!" Msichana mmoja wa njano aliuwahi mpira, akamzunguka kama anayezunguka mti, akausukuma taratibu hadi kwenye lango tupu. Watazamaji walicheka. Moja bila.

Wakati wa mapumziko machozi yalimtoka ndani ya kofia.

"Nimeliharibu gari letu."

"Gari ni zima, nimeliona limeegeshwa pale nje," alisema Kocha Wietske akichuchumaa mbele yake. "Hebu niambie, kutoka golini umeona nini?"

Jorinde alijifuta pua. "Nimeona wote wamejazana penye mpira. Kushoto hakuna mtu. Hata ng'ombe angeweza kulala pale asisumbuliwe."

"Na tabia hiyo tumejifunza kwa nani?" aliuliza Fenna, akitafuna kipande cha chungwa.

Jorinde aliviinamia viatu vyake vinene. Jibu alikuwa nalo, na lilimchoma.

"Basi wewe ndiye macho yetu," alisema Kocha. "Walio ndani hawaoni unachokiona, kwa hiyo waambie. Na nyumba yako leo ni lango. Usitoke hata ukialikwa harusini."

Kipindi cha pili sauti ya Jorinde ilisikika hadi kwenye tuta. "Fenna, rudi kwako! Lise, usimfuate, mngoje katikati! Kushoto kuko wazi, kushoto!" Mwanzoni walisitasita, kisha wakaanza kutawanyika. Mpira ulipita kulia, ukaja katikati, ukavuka kushoto, na Fenna alikuwa peke yake kabisa. Akampigia Lise, mdogo kuliko wote, ambaye msimu mzima hakuwa amefunga hata moja. Lise akaugusa tu. Moja moja.

Jorinde aliruka na viatu vyake vizito akaanguka chali kwa furaha.

Ikiwa imebaki dakika moja, refa aliwapa wa njano kona fupi, ile adhabu inayopigwa karibu kabisa na lango. Mpira ulichongwa, ukapigwa chini, mkali. Jorinde alitupa mguu wake wa kushoto, na mpira ukagonga kiatu na kutulia mbele yake. Hapo ndipo miguu ilipotaka kwenda zake tena. Mpira ulikuwa wake, uwanja ulikuwa wazi mbele yake. Lakini aliinua macho, akamwona Fenna mbali kushoto, nyumbani kwake, mkono juu.

Aliupiga teke la nguvu kuelekea kwake, akabaki palepale. Fenna akakimbia nao. Kwa umbali ule Jorinde aliona magongo tu yakigongana, kisha yote yakainuliwa juu, na kelele zikamfikia. Lise alikuwa amefunga tena. Jorinde alilia kwa mara ya pili siku hiyo, na hakujificha.

Trekta la mzee Berend lilinguruma mitaani, honi zikilia kama zimepagawa. Mbele ya duka la mikate, Bibi Geertje alipunga mkono.

"Jorinde! Leo umefunga mangapi?"

"Hata moja, Bibi. Kafunga Lise, kapewa na Fenna. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu."

Fenna alicheka, akatoa mfukoni pipi nyeusi. "Chukua. Nilinunua jana. Nilijua lazima ulie."

Kocha Wietske, aliyekaa juu ya begi la kipa, aliwatazama wote.

"Wasichana wangu, msisahau leo," alisema. "Anayekimbilia kazi ya kila mtu huiacha yake bila mtu. Lakini kila mmoja akikaa mahali pake na kumwamini mwenzake, hata aliye mdogo hufunga, na gari linatubeba sote." Akaligonga begi kwa kiganja. "Haya, nani anaanza na hili msimu ujao?"

Kila mtu akaangalia maua yake. Jorinde, pipi mdomoni, aliinua mkono.