Wanawake Thelathini na Mmoja wa Aber

"Mugisho, ni nani aliyewapa hawa watu jina langu?"

Aber aliiweka barua juu ya meza ya duka, katikati ya vitenge, akabaki amesimama. Hakunisalimu. Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana, duka langu la Kansanga halina mteja hata mmoja, na mimi mjinga nilikuwa meno yote nje kwa sababu niliutambua mhuri wa ile barua.

"Wamejibu? Wamekuita kazini? Sheri, mpenzi wangu, nilijua tu! Keti nikuletee soda."

"Nimekuuliza ni nani."

"Soma kwanza. Nyumba wametoa? Na gari?"

"Wametoa vyote."

"Unaona sasa!"

Ngoja niwaambie nilikuwa nashangilia nini. Mwaka ule wa 1976 Aber alikuwa amemaliza digrii yake ya saikolojia, amebakiza kuvaa joho. Yeye binti wa sajini wa polisi, Mwacholi. Mimi mtu wa Bukavu, muuza vitenge. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, yeye na kile cha kambini, mimi na kile changu cha Kongo, na tukapendana kwelikweli. Lakini alikuwa amepata nafasi Nairobi kuongeza digrii ya pili. Miaka miwili! Mwanamke wa digrii mbili, akae Nairobi na madaktari, halafu arudi kwa mwanamume anayepima nguo kwa mkono? Nikaona hapana, nimtafutie kazi nzuri hapahapa Kampala, abaki. Mnaniona mbaya? Subirini.

"Ni mimi," nikasema, kifua mbele. "Nilimwambia Kapteni Dawudi wa usalama. Yule anayemnunulia bibi yake vitenge hapa. Nikamwambia mchumba wangu ni fundi wa watu, amekaa sokoni Kalerwe na wanawake thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekataa kumfungulia moyo."

Aber alishika ukingo wa meza.

"Ulimwambia Kalerwe?"

"Nikampa na nakala ya kazi yako, aone mwenyewe."

"Ulimpa nini?"

"Moja tu. Si uliziacha mbili hapa nikutunzie?"

"Nilikuachia uzifiche, Mugisho! Chumba changu cha chuoni kinapekuliwa!"

"Sasa usingizi wa wanawake una ubaya gani? Wewe mwenyewe uliniambia unaandika habari za wanawake wasiopata usingizi."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua. Kisha akauliza polepole, "Wewe uliisoma?"

Hapo nikaona aibu. Mimi nilisoma kwa Kifaransa, kwa mapadri. Kiingereza changu ni cha kuomba maji tu. Niliona majedwali, nikaona namba, nikaona imepigwa taipu vizuri. Basi.

"Toa ile nakala nyingine."

Nikaitoa chini ya robota la vitenge. Akafungua, akaanza kunitafsiria, kidole kikifuata mstari.

"Namba kumi na saba. Miaka ishirini na sita, watoto watatu. Halali mpaka alfajiri, anasikiliza magari. Mume wake karani, alitolewa ofisini saa nne asubuhi na watu watatu, hajaonekana tena. Amenitajia namba ya gari. Hapa nimeweka nukta, sikuiandika. Lakini kila anayesoma anajua kwamba yuko mwanamke pale sokoni anayeijua."

Nikakaa juu ya robota.

"Wote wako hivyo?"

"Wote thelathini na mmoja. Waume zao walichukuliwa. Ningesema waziwazi nisingeruhusiwa kuandika, ndiyo maana nikasema usingizi."

"Mungu wangu. Aber, sikujua."

"Sasa sikiliza kazi uliyonitafutia." Akaichukua barua. "Niripoti Jumatatu saa mbili. Kazi yangu itakuwa kuwasaidia maofisa kuongea na watu waliokamatwa. Wakikaa kimya, mimi ndiye nitakayewafungua midomo. Na siku ya kwanza nije na majina ya wanawake wangu wote."

Nikaivuta ile barua, nikautazama tena ule mhuri.

"Kuna lingine," akasema. "Namba moja ni mama yangu."

"Mama yako? Si baba yako amehamishiwa kaskazini?"

"Hajahamishiwa popote. Mwaka wa nne huu. Nilikuwa nikwambie siku utakapokuja kwetu kuposa."

Simu ikalia. Sote wawili tuliruka. Nikainua mkono wa simu.

"Mugisho! Mimi Dawudi. Barua imefika?"

"Imefika, Afande."

"Mutoto iko wapi? Kule shule wanasema ametoka."

Nilimtazama Aber. Akanipa ishara ya kichwa: sema.

"Yuko hapa dukani, Afande."

"Muzuri! Mimi iko karibu. Nakuja."

Nikakata simu. "Kimbia," nikamwambia. "Pita nyuma, nitamdanganya."

"Nikikimbia atakwenda Kalerwe kesho asubuhi, aulize kila meza. Nyamaza, Mugisho. Leo tu, nakuomba, nyamaza."

Dakika kumi hazikufika, Peugeot ikasimama mlangoni. Kapteni Dawudi aliingia peke yake, mnene, mchangamfu, ile nakala kwapani.

"Mama saikolojia! Nimesoma yote. Sasa mimi pia sipati usingizi!" Akacheka sana. Kisha akaacha kucheka, akaweka kidole kwenye ukurasa. "Hii namba kumi na saba. Yeye nani?"

Aber alikunja mikono mbele, akainamisha kichwa, akaongea Kiswahili cha kambini, kama mtoto wa sajini anayekemewa.

"Afande, mutu ile haiko."

"Haiko? Amekwenda wapi?"

"Hakuna, Afande. Mimi nilitunga."

"Ulitunga nini?"

"Yote. Mwalimu alitaka wanawake thelathini. Watu ya sokoni hawana wakati ya kuongea na mutoto ya shule. Mimi nikakaa kwa chumba, nikaandika kutoka kichwani."

"Alitaka thelathini. Hii iko thelathini na moja."

"Niliongeza moja, Afande, ionekane ya kweli."

Kapteni alinigeukia.

"Wewe ulisema alikaa nao sokoni. Uliapa."

Jamani, nimeuza nguo miaka tisa, nimedanganya mpaka mabibi harusi, lakini uwongo ule ndio pekee niliouona una uzito.

"Afande, nilisema vile ninavyosema kitenge hakichuji."

Akanikazia macho. Nikahesabu pumzi zangu. Ghafla akapiga meza kwa kicheko.

"Ile ya bibi yangu ilichuja! Ilichuja siku ya kwanza!" Kisha kicheko kikaisha tena. "Sasa andika. Hapa. Andika ulitunga, weka sahihi. Halafu piga simu kwa mwalimu yako, nisikie."

Nilidhani Aber atasita. Hakusita. Alichukua karatasi yangu ya kufungia vitenge, akaandika mistari minne, akatia sahihi. Akazungusha simu. Kapteni akasogeza sikio mpaka shavu lake likagusana na la mchumba wangu.

"Mwalimu, ni Aber. Utafiti wangu niliutunga. Hakuna mwanamke hata mmoja."

Mimi nilijua jambo ambalo Kapteni hakulijua: Dakta Ogwal, mwalimu huyo, alikwenda na Aber Kalerwe mara mbili, akakaa juu ya gunia la viazi pembeni ya namba nne, akamsikiliza mpaka akatoa leso. Akisema "Binti, si nilikuwepo?" tumekwisha sote.

"Aber," sauti ikasema, kubwa hata mimi nikaisikia, "unajua maana ya unachosema? Digrii inafutwa. Na Nairobi nitalazimika kuwaandikia. Hakuna chuo kitakachokupokea."

"Najua, Mwalimu."

"Nilikuwa na shaka tangu mwanzo," akasema Dakta Ogwal, na sauti yake ikakatika. "Nimesikitika sana, binti yangu. Sana."

Simu ikakatwa. Kapteni alikuwa amefurahi kama aliyeshinda kesi.

"Hata mwalimu alijua! Mimi nilitaka mutu ya kufungua midomo ya watu, kumbe nimeletewa mwongo ya kalamu." Akaichana barua ya kazi vipande viwili, akatia karatasi ya Aber mfukoni. "Mugisho, tafuta bibi nyingine. Huyu atakuuza." Akachagua kitenge cha kijani, akatoka nacho.

Gari liliondoka. Ndipo Aber akakaa, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akalia. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Miaka mitatu ya kusoma kwa taa ya chemli, ada aliyouzia mama yake ng'ombe, Nairobi, joho, vyote vimekwenda kwenye karatasi ya kufungia nguo, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya duka langu.

"Nipige. Nitukane. Fanya lolote."

"Hukujua," akasema. "Najua hukujua. Ulitaka nibaki."

"Nilitaka ubaki tu, Aber. Naapa."

"Basi nimebaki." Akacheka huku machozi yanatoka, akaniachia mkono wake, nikaushika kwa mikono yangu yote miwili.

"Jumamosi nitakuja kwenu," nikasema. "Nitakuja na wazee. Nitamwomba mama yako msamaha, kisha nimwombe wewe."

"Mama anakupenda. Anasema unaongea kama redio."

"Na kazi? Utafanya kazi gani sasa?"

"Ile ile. Wale wanawake hawakuniuliza kama nina digrii. Kila Alhamisi wananisubiri, wanaongea, nasikiliza. Mtu akishaongea analala kidogo." Akanifuta jasho la uso kwa upande wa kiganja. "Nitauza nyanya pembeni yao. Tutaishi."

Nilipumua. Nikasikia moyo umerudi mahali pake. Nikambusu vidole, na katika furaha ile, bila kufikiri, nikauliza:

"Lakini kwani majina yao uliyaficha wapi?"

Mkono wake ukatoka mikononi mwangu.

Hakuukwapua. Aliutoa taratibu, kama anayeutoa mkono wake chini ya mtoto aliyelala. Macho yake yalinitazama, na nikasikia mwenyewe nilichokisema.

"Aber, sikuwa na nia yoyote! Ni kuuliza tu!"

"Najua," akasema. "Hata kwa Kapteni hukuwa na nia yoyote."

Akasimama. Akaifunga ile nakala iliyobaki ndani ya kipande cha kitenge, akaiweka kwapani, akajifuta macho.

"Aber. Jumamosi nije?"

"Usije, Mugisho."

"Lakini umenisamehe!"

"Nimekusamehe. Nakupenda pia. Lakini wako thelathini na mmoja, na mama yangu yumo."

Alitoka, akavuka barabara, akageukia upande wa mjini. Sikumwita.