Jina na la Mama Yake

Magharibi ilikuwa inaingia Manundu, na Mwantumu alibakiwa na barua moja tu ya kuchapa afunge steshenari yake. Lakini kompyuta ilikuwa nzito siku ile. Akamwita Godfrey, fundi wa jirani.

Godfrey akaketi, akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi kimyakimya.

"Mama Yusra, hii umeiweka wewe?"

"Ipi?"

"Hii. Ukinakili maneno, kabla hujayabandika, yenyewe inayaweka. Zipo nyingi za namna hii, wala si mbaya. Ila huwa zina jina la aliyezitengeneza. Hii haina. Na inajiwasha yenyewe."

"Inaweka nini?"

Akaifungua.

Miezi mitatu Mwantumu alikuwa amenakili mikataba, barua, fomu za vizazi. Programu haikuweka hata kimoja cha hivyo. Iliweka majina tu. Kila jina na la mama yake.

Mwantumu akasogea karibu na kioo, akasoma tena. Mzigua gani asiyejua kwamba anayeulizia jina la mama yako ni mchawi?

*Hussein wa Zaina.* Huyo wa Makuyuni, alizikwa Jumatatu.

*Kaleb wa Ester.* Alizikwa wiki iliyopita, kijana mzima, hakuugua hata siku moja.

Na la mwisho...

*Yusra wa Mwantumu.*

Ile fomu ya shule. Aliichapa mwenyewe, kwa mkono wake.

"Futa," akanong'ona.

Godfrey akafuta. Jina likarudi. Akafuta tena. Likarudi. Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

Akachomoa waya ukutani.

Feni ya kompyuta ikaendelea kuzunguka. Vuu... vuu... Kisha ikanyamaza.

"Inapeleka wapi haya majina?" Mwantumu akauliza.

"Hapa huna intaneti, mama. Haina pa kupeleka." Godfrey hakumtazama usoni. "Kuna mtu alichomeka flashi yake humu?"

Alikuwepo. Mzee mmoja, mwezi wa Ramadhani, aliingia bila salamu akitaka kuchapishiwa karatasi. Karatasi ikatoka nyeupe. Mzee akaitazama, akatabasamu, akaondoka zake.

Simu ikaita. Ni Munira, mdogo wake, kutoka Mombo alikokuwa akikaa Yusra.

"Dada, njoo. Yusra kaanguka."

Alipofika, mtoto alikuwa ameshafunikwa kanga.

Wakamzika kesho yake baada ya adhuhuri. Kaka yake Mwantumu, Muhidini, ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Aliporudi nyumbani hakugusa chakula. Alimvuta Mwantumu nyuma ya nyumba.

"Yusra alikuwa na kilo ngapi?"

"Kwa nini, kaka?"

"Nilimpokea kwa mkono mmoja," akasema. "Kama mgomba uliokauka. Nikafunua uso. Ni yeye... Sura ni yake."

Mwantumu akaenda kwa shehe, akasomewa. Akaenda kwa mganga Handeni. Mganga alisikiliza hadi mwisho, akamwambia arudi nyumbani, na ada yake hakutaka hata kuiona. Kompyuta wakaichoma moto. Godfrey akahama mji bila kuaga.

Siku ya arobaini ilipopita, muuza mchicha mmoja wa Makuyuni alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna shamba kule halina mwenyewe anayejulikana, na jua likizama huonekana watu wakilima. Hawasemi. Hawapumziki. Miongoni mwao yumo binti.

Mwantumu akaenda peke yake.

Aliwaona kutoka barabarani, watu saba kwenye tuta, wamempa mgongo. Wa mwisho alikuwa mwembamba, nywele zimesukwa mabutu mawili, kama alivyomsuka yeye mwenyewe Jumapili ya mwisho alipokwenda kumwona Mombo.

"Yusra!"

Jembe likasimama hewani.

"Yusra, mwanangu, ni mimi mama yako. Geuka!"

Upepo haukuvuma. Kidudu hakikulia.

Kisha jembe likashuka, likapiga udongo, likaendelea.