Pezi Lililoachilia Maji

Gaspard alikuwa muchuuzi wa samaki pale Bunia, na kazi yake ilikuwa kazi ya miguu. Kila juma alishuka na kinga yake mpaka Tchomia, kando ya ziwa. Kinga ni baiskeli, kwa wale wanaosoma mbali na kwetu. Alishuka na unga wa muhogo na sabuni, akapanda na vikapu viwili vya samaki wakavu. Kushuka mulima wa Bogoro ni kazi ya breki. Kupanda, kinga yenye muzigo haibebi mutu, ni mutu anayeisukuma. Gaspard alisukuma miaka kumi na moja bila kulalamika, ao tuseme, bila kulalamika sana.

Bibi yake, Elisabeth, aliuza wale samaki sokoni. Walikuwa na watoto watatu. Mukubwa aliitwa Léonie, kwa hiyo watu waliwaita Baba Léonie na Mama Léonie, na wao wenyewe waliitana vile vile.

Sasa, Gaspard alikuwa na kitu kimoja ambacho wachuuzi wengine hawakuwa nacho. Alikuwa na planshi. Ni ubao murefu wa plastiki, na juu yake kuna mulingoti na tanga. Mutu anasimama juu ya ubao, anashika muti wa tanga kwa mikono miwili, na upepo unamupeleka. Chini, upande wa nyuma, kuna pezi moja, kama pezi la samaki.

Mwalimu mumoja Mubeleji aliyefundisha Bunia ndiye aliyeileta. Kwa miaka miwili Gaspard alimuchungia planshi ile katika kibanda cha Isidore, muvuvi wa Tchomia, na mwalimu alimufundisha kusimama na kugeuka. Mwaka wa 1984 mwalimu alimaliza kazi yake. Siku ya kuaga alimwambia Gaspard: "Umeichunga vizuri. Ni yako."

Basi, kila alipofika Tchomia na upepo ukawa muzuri, Gaspard aliingia ziwani kwa saa moja. Wavuvi walimutania. Walimwuliza amevua samaki wangapi na ule wavu wake wa rangi.

"Unatafuta nini kule juu ya maji?" Elisabeth alimwuliza siku moja.

"Mama Léonie, siku sita ni miye ninasukuma. Pale juu ya maji, upepo ndio unanisukuma miye."

Elisabeth aliona mwenyewe kwamba bwana yake anarudi na uso wa mutu aliyelala vizuri.

Lakini kulikuwa na shida. Gaspard alipokwenda polepole, mambo yote yalikuwa sawa. Alipokwenda mbio sana, mara moja nyuma ya planshi ilitoroka. Iliteleza kwa pembeni, kama sabuni juu ya sahani, na Gaspard alirushwa. Mara ya kwanza alikunywa maji. Mara ya pili alipasuka mudomo. Kila mara alirudi na kujaribu tena kwa nguvu zaidi. Usimucheke, mupenzi musomaji. Ni wengi wetu tunafanya hivyo: kitu kikikataa, tunaongeza nguvu.

Mara ya tatu ilikuwa mubaya. Ilikuwa asubuhi, wakati upepo unatoka inchi kavu kwenda ndani ya ziwa. Planshi ilitoroka, mulingoti ukamupiga begani, na akaanguka mbali. Alipoinua kichwa, upepo ulikuwa umeshaibeba planshi. Aliogelea kwa mukono mumoja. Pwani ilikuwa inaendelea kuwa ndogo. Kwa bahati Isidore alikuwa anarudi na pirogi yake, ule mutumbwi wa kuvulia, akamuona. Alimuvuta ndani pamoja na nyavu na samaki, halafu akaifuata planshi na kuikamata.

Isidore alimupandisha kwenye lori ya samaki, na Gaspard akarudi Bunia amefungwa mukono kwa kitambaa. Elisabeth alichemusha maji, akamukanda bega.

Alipomaliza, Elisabeth alisema: "Baba Léonie, ile planshi nitaikata. Itakuwa kitanda cha kukaushia samaki."

"Mama Léonie..."

"Nisikilize. Sikukatazi kufurahi. Lakini niko na watoto watatu, na sitaki kuwa mujane juu ya muchezo. Chagua. Ujue kuiendesha vizuri, ao uiache. Na siye wote tuone kama unajua. Mimi nitakuja Tchomia kuona kwa macho yangu."

"Na nikianguka?"

"Ukianguka, kesho yake samaki watalala juu yake."

Gaspard alijua kwamba bibi yake hasemi mara mbili. Alijua pia kwamba yuko na haki. Lakini hakujua kosa lake lilikuwa wapi, na yule Mubeleji aliyeweza kumwonyesha alikuwa mbali.

Juma lile Gaspard hakushuka ziwani. Alikaa karibu na meza ya bibi yake sokoni, mukono ndani ya kitambaa. Muteja mumoja wao alipita. Aliitwa Geneviève, na alifundisha fizike katika shule ya wasichana. Watu wote walimwita Mwalimu.

"Baba Léonie, mukono iko namna gani?"

"Ni planshi, Mwalimu. Inatoroka nyuma nikikimbia sana."

Mwalimu Geneviève aliweka kikapu chini. "Planshi ya yule mwenzetu Mubeleji? Miye nilijifunza pamoja naye, dimanshi nyingi, pale Kasenyi kando ya ziwa, kabla ya kuipeleka Tchomia. Ile kutoroka, naijua. Imenirusha mara nyingi mpaka nikaelewa. Dimanshi hii, misa ikiisha, mukuje kwangu wote wawili. Na mulete pezi."

Elisabeth alimutazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Hakufikiri kwamba mwalimu wa kike mwenye miwani aliwahi kurushwa ndani ya ziwa. Lakini alisema: "Tutakuja, Mwalimu. Aksanti."

Isidore alipewa habari, akatuma pezi kwa mukono wa dereva wa lori. Siku ya dimanshi walikwenda. Mwalimu aliwapokea jikoni. Mezani aliweka basini kubwa iliyojaa maji, na kando yake kisu kipana.

"Baba Léonie, kamata kisu. Simamisha bapa lake ndani ya maji. Vuta, moja kwa moja."

Gaspard alivuta. Kisu kilipita bila shida.

"Sasa vuta tena, lakini sukuma kidogo pembeni. Unasikia nini?"

"Maji inakataa. Inashika."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo kazi ya pezi. Maji inashika pezi, na planshi haiendi pembeni. Sasa vuta mbio, na ufinye, ukandamize, pembeni kwa nguvu."

Gaspard alivuta mbio na kufinya. Maji yalipasuka upande mumoja wa kisu, hewa ikaingia mpaka chini, na mukono wake ukaenda bure, kama mutu aliyesukuma mulango ambao haukufungwa. Maji yalimwagikia nguo ya Elisabeth.

"Umeona?" Mwalimu alisema. "Ukiwa mbio sana na ukafinya sana, hewa inaingia kando ya pezi. Pezi inaachilia maji. Hapo nyuma ya planshi haina kitu cha kushika. Sasa niambie: ikianza kutoroka, weye unafanya nini?"

Gaspard alifikiri. Alisimama katikati ya jiko, akakunja magoti, akatupa makalio nyuma, akafinya chini kwa muguu wa nyuma.

"Nafanya hivi."

"Ju ya nini hivi?"

"Ni vile tunafanya na kinga. Ukishuka Bogoro na muzigo, gurudumu ya nyuma ikiteleza kwa changarawe, unakaa nyuma kwa nguvu. Unafinya muzigo chini. Gurudumu inashika tena. Kila muchuuzi anajua."

Mwalimu Geneviève alicheka mpaka akavua miwani. "Basi ndiyo hiyo! Weye unaendesha planshi sawa na kinga ya samaki. Barabara inapenda uifinye. Maji haipendi. Pezi ikiachilia, ukifinya nyuma, unaisukuma itoroke zaidi."

Gaspard alikaa kwenye kiti. Miaka kumi na moja ile tabia ilimulinda barabarani, na ni hiyo hiyo iliyotaka kumuua ziwani. Aliona haya kidogo, halafu akaona furaha, maana kosa linalojulikana linaweza kurekebishwa.

"Nifanye nini basi, Mwalimu?"

"Ikitoroka, legeza muguu wa nyuma mara moja. Uzito peleka mbele: ning'inia kwa muti wa tanga, na muguu wa mbele ukaze. Fungua tanga kidogo, nguvu ya upepo ipunguke. Halafu kunja ule muguu wa nyuma, vuta nyuma ya planshi irudi chini yako. Geuza pua kidogo kule upepo unakwenda. Maji itashika pezi tena."

"Na ikikataa?" Elisabeth aliuliza. Swali lake lilitoka haraka.

"Ikikataa, Mama Léonie, aachilie tanga, aanguke polepole, na kamba ya planshi asiiache. Aishike. Planshi haizami, mutu ndiye anazama. Na tena, asiingie kamwe wakati upepo unatoka inchi kavu. Na asiingie pasipo mutu wa pirogi kumuangalia."

Elisabeth alisema: "Hayo ya mwisho nitayashika miye. Yeye ashike ya muguu."

Mwalimu alichukua lile pezi, akalipitisha kidole. Lilikuwa na meno, maana Gaspard alikuwa analiburuta kwenye mawe ya pwani. "Meno haya inaingiza hewa upesi," alisema. Wakalilainisha kwa msasa, ile karatasi ya seremala, mpaka likawa laini kama sahani.

Siku zilizofuata, Gaspard alijifunza nyumbani. Aliweka ubao chakavu juu ya majani yaliyolowa, akasimama juu yake, akashika fimbo iliyofungwa kwenye muti wa nyumba. Elisabeth alisimama nyuma, na bila kuonya aliupiga ubao teke kwa pembeni.

"Umefinya," alisema.

"Sikufinya."

"Umefinya, Baba Léonie. Nimeona makalio yako yakienda Bogoro."

Walifanya hivyo kila jioni. Mara kumi alifinya. Mara ishirini alifinya. Bega lilipona, na polepole muguu wa nyuma ukajifunza kunyamaza. Siku moja Elisabeth alipiga teke mara tano, na mara tano Gaspard alining'inia mbele na kuvuta ubao chini yake. Elisabeth hakumusifu. Alikwenda kupika bugali, lakini alikuwa anaimba.

Kisha wakashuka Tchomia wote, Elisabeth, Mwalimu Geneviève na Gaspard, juu ya lori ya samaki. Ilikuwa saa nane mchana, na upepo ulitoka ziwani kuja pwani, ule muzuri. Isidore aliingia majini na pirogi yake, akangoja. Elisabeth alisimama kwenye muchanga.

Gaspard aliondoka. Alipita mbele yao mara moja, polepole. Akageuka, akavuta tanga, na planshi ikainuka na kuanza kupiga maji: pa, pa, pa. Ilikuwa mbio kuliko lori ya Bogoro ikishuka. Mbele yake wimbi lilisimama. Planshi iliruka, ikaanguka, na pale pale nyuma ikatoroka.

Pwani, Elisabeth alimushika Mwalimu mukono kwa nguvu mpaka Mwalimu akauma meno.

Juu ya maji, Gaspard alisikia makalio yake yanataka kwenda nyuma. Miaka kumi na moja ilikuwa inamwita kule. Alikataa. Alining'inia kwa muti wa tanga, akalegeza muguu wa nyuma, akafungua tanga kidogo. Planshi iliendelea kuteleza. Akakunja muguu, akavuta. Chini yake kitu kilishika ghafula, kama mukono wa rafiki, na planshi ikanyooka na kwenda mbele.

Ikatoroka tena mara mbili siku ile. Mara mbili aliirudisha. Mara ya mwisho alicheka kwa sauti, na watu wa pwani walimusikia.

Alipokaribia muchanga, aliruka chini na kuivuta planshi kwa mukono. Elisabeth alimwendea ndani ya maji na nguo yake yote, akamushika bega lile lililopigwa, akalisikiliza kwa vidole. Halafu akasema: "Ni sawa."

Tangu siku ile Gaspard hakurushwa tena vibaya. Kila mara alikagua pezi kwa kidole, aliangalia upepo, na alimwita Isidore. Hata Kamate, muchuuzi mwenzake, alianza kujifunza, na kwa kweli alikaa nyuma sawa na mutu aliye Bogoro. Gaspard alimupigia kelele mpaka koo likakauka.

Kesho yake, baada ya ile siku ya Tchomia, Elisabeth alikwenda shuleni na samaki capitaine mukubwa, amefungwa ndani ya majani ya ndizi. Mwalimu Geneviève alitoka darasani na chaki mukononi.

"Mama Léonie, hii ni nyingi sana kwa basini moja ya maji."

Elisabeth alimuwekea samaki mikononi na kuvishika vyote pamoja, samaki na mikono.

"Mwalimu, bwana yangu nimepewa mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza padri alinipa, kanisani. Mara ya pili umenipa weye, jikoni. Padri nilimushukuru zamani. Leo nimekuja kwako."