Picha Iliyojaza Kioo

Jumamosi hiyo ya mwaka 2009 soko la Chikongola lilikuwa limefurika. Omari alikuwa kwenye meza ya vifaa vya umeme akichagua waya, aliposikia sauti ya msichana nyuma yake.

"Kaka, televisheni pana inataka sidii ya namna gani?"

Muuza nyaya akacheka. Omari akageuka. Msichana alivaa dera la zambarau na ushungi mweupe, mkononi ana sidii aliyoifunga kwenye leso.

"Nionyeshe mimi," akasema Omari, kwa sauti yake ya chini. "Nina kompyuta mtaa wa pili. Kazi yangu ni picha."

Aliitwa Mwanakombo, mwalimu wa Nanyamba. Ndani ya sidii mlikuwa na video ya ngoma ya unyago ya mwaka 1995, siku yeye alipotolewa mwali. Baba yake, Mzee Rashidi, aliuza korosho akanunua televisheni pana, na sasa alitaka ngoma ile ijaze kioo chote.

"Itakuwa mpya kabisa?"

"Hapana, dada. Nitaisafisha, niibadili iwe ya kiwango cha juu. Kisichorekodiwa siwezi kukiumba."

"Wenzako wangeniahidi makubwa."

"Wenzangu wana haraka."

Wiki ile Mwanakombo alipiga simu kila jioni kuuliza kazi, na kazi ilipokwisha kuulizwa, hakuna aliyekata.

"Umefika wapi, fundi?"

"Asilimia arobaini."

"Jana ulisema thelathini na nane. Kompyuta yako inatambaa?"

"Inakutazama wewe, mpenzi, ndiyo maana inachelewa."

"Rudia hilo neno."

"Inachelewa."

"Siyo hilo, wewe."

Jumamosi iliyofuata Mwanakombo akaja kuchukua diski, amejipaka wanja, akaondoka anacheka. Kesho yake akapiga simu mchana. Sauti haikuwa ile.

"Omari, mama yangu yuko wapi?"

"Mama?"

"Alikuwa mbele, anacheza amepiga magoti. Umemkata, imebaki mikono tu. Amefariki miaka sita sasa, na hatuna picha nyingine ya kumwona akicheka. Baba ametazama, akainuka, akatoka nje."

Simu ikakatika.

Omari akafungua faili la zamani. Picha ile ilikaribia mraba. Ili ijaze kioo kipana, ilibidi apunguze juu au chini. Mwali alibebwa juu mabegani mwa mjomba wake, kwa hiyo alipunguza chini. Hakuuliza walioko chini ni akina nani.

Siku tatu alipiga, hakupokelewa. Akaianza kazi upya, na siku ya nne akakodi pikipiki hadi Nanyamba.

Mwanakombo alimpokea mlangoni, kanga kiunoni, uso mkavu.

"Kwa nini ulimkata?"

"Picha haikuenea. Ilibidi nichague juu au chini, na juu ulikuwa wewe." Omari akatazama viatu vyake. "Nilichagua niliyekuwa namtaka. Nilikosea, ilipaswa nikuulize kwanza."

Mwanakombo alikuwa amepanga maneno tangu Jumapili. Akayaacha, akasogea, akampisha apite.

Omari akamwamkia Mzee Rashidi, na diski mpya ikawekwa. Picha ikasimama katikati ya kioo, pembeni weusi, lakini safi na nzima: juu mwali kafunikwa kanga mpya, chini mama na shanga zake, anacheka hadi magego.

"Samahani, haijazi kioo," akasema Omari.

"Nani anatazama kioo?" akajibu Mzee Rashidi, macho yamemlowa. "Rudisha nyuma."

Wakaitazama mara tatu.

Mwanakombo akamsindikiza Omari hadi barabarani. Alitembea polepole kuliko ilivyohitajika.

"Baba kaniuliza kwenu ni wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema utakuja kueleza mwenyewe. Lakini uje na wajomba zako, Omari. Baba hapokei posa ya mtu mmoja."

Omari akasimama, akawaza kwa utaratibu wake. "Nipe wiki mbili. Mmoja yuko Mpapura, na mwingine hapokei simu."

"Wiki moja," akasema Mwanakombo. "Huyo asiyepokea simu nitamfuata mimi."