Kahawa ya Mjumbe

Katika msimu wa senene, siku ya Jumamosi, soko kuu la Bukoba halikuwa na mahali pa kuweka unyayo. Wanawake waliita wateja kutoka nyuma ya nyungo za senene waliokaangwa, pikipiki zilipiga honi katikati ya watu, na Jovitha, fundi wa nguo, alipita kwa shida, mikono ameinyanyua kama mtu anayevuka mto. Juu ya mikono hiyo alikuwa amelaza gauni jeupe la satini, lililofunikwa kwa shuka safi. Mwenye gauni alikuwa akilisubiri saa hiyo hiyo katika nyumba moja karibu na kanisa kuu.

Upepo wa ziwani ukaifunua pembe ya shuka. Kijana mrefu aliyevaa shati la bluu lililopigwa pasi, kamera ikining'inia shingoni, aligeuka ghafla ili ampishe mbeba ndizi. Sigara iliyokuwa kati ya vidole vyake iligusa satini. Ilitangulia harufu ya kuungua. Kisha wote wawili wakaliona tundu, dogo, jeusi ukingoni, mahali hasa pa kifua cha bibi harusi.

Jovitha hakupiga kelele. Alilitazama tundu, akamtazama kijana, na machozi yakasimama machoni bila kudondoka.

"Kaka, unajua umefanya nini?"

"Ni gauni la nani, dada?"

"La Annastella. Anafunga ndoa saa nane."

Kijana alipauka midomo. "Annastella wa Mzee Mwijage? Mimi ndiye mpiga picha wake."

Kwa hiyo wakawa washiriki wa siri moja kabla hawajajuana majina. Jovitha alikata kipande cha satini kutoka kwenye upindo, akashona ua na kulibandika juu ya tundu. Mujuni, kwani hilo ndilo lilikuwa jina la kijana, alipiga picha zote bila kulikaribia ua lile. Jioni, ukumbini, alimfuata fundi huyo aliyekuwa amekaa pembeni katika gauni lake la kitenge cha manjano, akamwambia kwamba wageni wote walikuwa wakilisifu ua.

"Ukitaka, nitakuwa nakutobolea kila gauni," alisema.

"Jaribu," alijibu Jovitha, "nami nitakushona mdomo."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Walitembea ufukweni, wakala samaki wa kukaanga kwa vidole, wakapigiana simu asubuhi kabla ya kazi na mchana katikati ya kazi. Mujuni alimwita Fundi wangu. Naye Jovitha alimwita Tundu, jina ambalo watu wengine hawakulielewa.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, Tundu, umevuta?"

Hapo Mujuni alicheka, na kicheko chake hakikudumu. Alikuwa amekwisha kuelezwa sababu ya swali hilo. Baba yake Jovitha, Mzee Rugaibula wa Kaagya, alikuwa mvutaji tangu ujana, na alikufa akikohoa damu katika beseni lililoshikwa na binti yake. Jovitha alimweleza Mujuni jambo hilo bila kulia na bila kuzungukazunguka: angempenda hivyo hivyo alivyo, lakini asingemshikia beseni mwanamume wa pili. Akiolewa, ataolewa na mtu asiyevuta.

Mujuni aliahidi kuacha, akavuta. Aliahidi tena kwa kiapo, na Jovitha akainusa kola ya shati lake, akaikuta harufu ya tumbaku. Mara ya tatu Mujuni hakuahidi. Alikwenda kimya kimya kwa mhudumu wa zahanati, ambaye alimweleza kwamba zipo dawa za kumsaidia mtu kuacha. Yeye, kwa ukaidi wake, akasema kwamba ataacha kavukavu. Basi mhudumu akamwonya kwamba siku za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, na kwamba kila hamu inapokuja hupita baada ya muda mfupi, mradi mdomo na mikono vipewe shughuli nyingine.

Mujuni akaupa mdomo wake akamwani, yaani kahawa ya kutafuna, inayochemshwa na majani yenye harufu nzuri, kukaushwa juani na kufungwa katika vifurushi vya jani kavu la mgomba. Kila mgeni Uhayani hupewa kahawa hiyo. Lakini kwao Buganguzi, kijana akionekana anatembea na kifurushi kizima kilichofungwa vizuri, watu huelewa jambo moja tu: anakwenda kuposa.

Siku moja Jovitha aliufungua mkoba wa kamera akitafuta kitambaa cha kufutia lenzi, akakikuta kifurushi hicho. Moyo wake ulipiga kwa furaha. Kabla hajasema neno, Mujuni alimnyang'anya.

"Hicho si chako," alisema, kwa sauti ambayo Jovitha hakuwahi kuisikia.

Kumnyamazia mtu anayekupenda, hata kwa nia njema, ni kosa, na Mujuni alilifanya kosa hilo kikamilifu. Usingizi ulimtoka. Aliwafokea wateja. Mikono ilimtetemeka hata picha za kipaimara zikatoka na ukungu, na wenye picha wakadai zirudiwe. Katika studio yake kila aliyeingia alikuwa na sigara. Akafunga mlango, akapanda basi hadi Muleba, na kutoka hapo akaenda Buganguzi kwa mama yake, Ma Kokuberwa, ambaye nyumbani kwake hakukuwa na mvutaji wala duka la karibu.

Jovitha alimpigia simu.

"Mujuni, uko wapi?"

"Kwa mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Jovitha, usinisumbue sasa."

Simu ikakatwa. Jovitha alibaki ameishika sikioni kama vile sauti ingerudi kuomba radhi.

Aliyemaliza kumvunja moyo alikuwa Dativa, fundi mwenzake, mzaliwa wa Buganguzi, aliyekuwa amekwenda kwao kwenye msiba. Aliporudi alimtaka mwenzake akae kwanza. Kisha akamweleza kwamba Mujuni ameonekana nyumbani kwa Ma Theopista, si mara moja, akiwa na kifurushi cha akamwani mkononi. Na kwamba Ma Theopista, kama inavyojulikana, ana binti mzuri. Mkasi ulimponyoka Jovitha ukaanguka sakafuni. Hakuuokota.

Kesho yake alivaa lile gauni la manjano, akafunga kilemba, akapanda basi. Alipofika Muleba mjini aliingia dukani, akanunua pakiti ya sigara kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kutoka hapo pikipiki ilimpandisha hadi Buganguzi.

Alimkuta Mujuni kibanjani, kifua wazi, akikata majani makavu ya migomba kwa nguvu kana kwamba yamemkosea. Alikuwa amekonda na macho yake yalikuwa mekundu. Ma Kokuberwa alikuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi. Jovitha alimsalimu mama huyo kwa heshima zote, akapiga goti kama alivyofunzwa. Kisha akasimama, akaitupa pakiti kifuani pa mwanawe. Ilipasuka, na sigara zikatawanyika juu ya majani.

"Nimekuletea zawadi ya uchumba wako," alisema. "Vuta. Mimi si tena mtu wa kukukataza. Mwache binti wa Ma Theopista akushikie beseni."

Adui wa Mujuni asingeweza kuchagua saa mbaya zaidi. Tangu alfajiri hamu ya sigara ilikuwa imemjia, akaishinda, ikarudi. Aliinama polepole. Aliokota sigara moja, akaipitisha chini ya pua, akafumba macho. Kisu cha Ma Kokuberwa kilisimama katikati ya ndizi.

"Mujuni," mama aliita.

Mujuni aliziokota sigara zote, moja moja, vidole vikitetemeka, akaenda nazo nyuma ya nyumba. Kifuniko cha shimo la choo kilisikika kikivutwa, kisha kikirudishwa. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu.

"Nusa shati langu," alimwambia Jovitha. "Limetundikwa pale."

Jovitha alilichukua shati kutoka kwenye mgomba, akalileta usoni kama alivyozoea kufanya kila alipotaka kumkamata. Alinusa jasho. Alinusa jua, na harufu ya kahawa. Harufu ya tumbaku haikuwamo. Alilinusa tena, kwenye kola, kwenye mifuko, kisha akakaa chini juu ya majani pamoja na gauni lake.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokiona kifurushi. Nakitafuna hamu ikija."

"Na kwa Ma Theopista?"

Aliyejibu ni Ma Kokuberwa, huku akiendelea kumenya. "Theopista ndiye anayetuchemshia sisi wote kahawa, mwanangu. Huyu humaliza ya kwake kama mbuzi, kisha hurudi kununua nyingine. Binti unayemtaja yuko Mwanza na mume wake."

Jovitha alifunika mdomo kwa lile shati. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuahidi, nikavuta. Nikaapa, nikavuta. Sikuwa na maneno mengine ya kukupa."

"Nami nimekuletea sigara," alinong'ona Jovitha. "Kwa mkono wangu huu."

"Ziko chooni, Fundi wangu. Zimefika panapozifaa."

Hakuna aliyecheka. Mujuni aliketi kando yake juu ya majani, wakakaa hivyo, bega kwa bega, mpaka mtetemeko wa mikono ulipomtoka. Alipotamka neno la ndoa, Ma Kokuberwa alimkatiza: hatatuma mjumbe kwa watu mpaka mwanawe aweze kushika kikombe kilichojaa bila kumwaga.

Kikombe kiliposhikika, ujumbe ulikwenda Kaagya, kwao Jovitha. Ta Privatus, baba mdogo wake Mujuni, aliongoza mazungumzo akiwa amevaa koti. Mujuni alikabidhiwa kukibeba kifurushi cha akamwani. Ma Consolata, mama yake Jovitha, alikipokea mbele ya ukoo, akakiweka mapajani, akakifungua. Akakigeuza. Akakikung'uta. Zilidondoka punje chache tu ambazo hazikutosha hata watu wa safu ya mbele.

Ta Privatus alitafuta mahali pa kuyaweka macho yake akapakosa.

"Waitu, ndugu zetu," alisema Ma Consolata, "mmekuja kututukana?"

Mujuni alipiga magoti sakafuni. "Mama, nisamehe. Basi liliposimama Kemondo, abiria mmoja alisimama dirishani pangu akawasha sigara. Sikuwa na kitu kingine."

Jovitha, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema, alisema.

"Mama, ameitafuna posa yangu. Hakuivuta."

Ma Consolata alimtazama binti yake, kisha akaitazama picha ya marehemu Rugaibula ukutani, na watu wote wakaona kidevu chake kikitikisika. Alichukua punje moja, akaitia kinywani, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha. Kisha akakifunga tena kile kifurushi chembamba na kukirudisha mikononi mwa Mujuni.

"Kaa nacho, mkwe wangu," alisema. "Una safari ya kurudi."