Punje Nyeupe za Haji Bassou

Ijumaa, saa 5:40 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha fundi baiskeli, mji wa Erfoud, ukingoni mwa jangwa. Wanaume wawili na binti mmoja mwembamba, birika moja la chai. Hassou alichora ghala la Haji Bassou, mfanyabiashara wa mawe, kwa chaki juu ya meza.

"Akienda msikitini anapiga komeo kwa nje. Darini kuna tundu la mwanga. Mimi sipiti. Aqqa na tumbo lake ndiyo kabisa. Tuda anapita."

"Tumbo langu ndilo linaloendesha gari," Aqqa alisema.

Tuda hakucheka. Miaka sita alikata vimondo, mawe yaangukayo kutoka mbinguni, katika ghala hilo, mpaka vumbi likamtia kikohozi na Haji akamfukuza. Siku zake za mwisho kazini alichonga vipande vya mawe kumi na manne, akavituma chuo kikuu vipimwe, ndani ya bahasha zenye alama zake mwenyewe. Juzi majibu yalikuja: jiwe moja lina punje nyeupe zilizoganda kabla dunia haijawa dunia. Haji alilitangaza sokoni kwa furaha, kisha akatukana hadharani, kwa maana alama zile hakuna aliyejua kuzisoma ila Tuda. Mawe yenyewe yote ni meusi, kama viazi vilivyoungua.

"Jiwe kwanza, mtu baadaye," Hassou alisema.

"Kwa nini, kaka?"

"Wewe una miguu ya kupandia. Jiwe halina."

Jibu halikumkaa rohoni. Lakini Tuda alitaka mno karakana yake mwenyewe kule Rissani. Akakubali.

Saa 7:25 mchana.

Hotuba ilikuwa imeanza. Kamba ikamshusha. Mabega yakachubuka tunduni, miguu ikagusa sakafu.

Saa 7:38.

Jiwe la tisa. Alitia mate kidole, akapangusa pale alipolikata zamani, akaweka lenzi. Punje zile hapo, nyeupe kama wali uliomwagika kwenye masizi. Moyo ukamruka kwa furaha ya kweli. Akalitia katika kikapu kilichoning'inia kwa kamba ya pili.

"Vuta!"

Kikapu kikapanda. Kisha kikashuka, jiwe likiwa ndani.

"Unanifanya mtoto?" Hassou alinong'ona kwa hasira kutoka tunduni. Kama wasaka mawe wote, alivaa sumaku shingoni. "Sumaku hailishiki! Hili kokoto!"

"Kaka, punje hizo hazina chuma. Jiwe la namna hii halivuti sumaku. Ndiyo maana ni adimu!"

"Baba yangu alisaka kwa sumaku. Babu yangu pia. Lete lenyewe, Tuda. Unataka kulirudia peke yako?"

"Wallahi ndilo!"

"Lete linaloshika!"

Saa 7:51.

Waumini walianza kumiminika kutoka msikitini. Tuda alinyakua jiwe lolote zito, la kawaida, linalookotwa kila wiki. Akalipandisha. Akasikia sumaku ikigonga: ta!

"Umeona? Mwongo wewe."

Kamba aliyoshukia ikapanda nyuma ya kikapu.

"Kaka Hassou! Kamba!"

Gari liliwaka. Aqqa hakupiga hata honi.

Tuda alirukia tundu mara tatu. Mbali. Alilia, na alilia kwa hasira: ameachwa kwa kusema kweli.

Saa 8:04.

Komeo likafunguka. Haji Bassou alisimama mlangoni, kanzu nyeupe, msala begani. Akatazama tundu, akahesabu mawe, akamtazama Tuda. Hakupiga kelele.

"Binti yangu, nimekutafuta tangu juzi. Jiwe walilochukua ndilo lenyewe?"

"Silo."

"Basi lipo hapa. Lipi?"

"Nitoe kwanza, nitakuambia."

"Nikikutoa utakimbia."

"Basi niitie polisi, Haji. Nimeiba. Nifungwe."

Haji alichukua sahani ya tende rafuni, akaiweka sakafuni kwa adabu, kama kwa mgeni.

"Polisi watakufunga mwaka, kisha watakuachia. Mimi nimeagiza magunia mengine arobaini ya mawe kutoka jangwani. Nani atanisomea?"

Akavuta mlango. Tuda aliurukia, ukamgonga bega. Komeo likaingia.

"Anza na la kwanza, binti yangu," Haji alisema kutoka nje. "Hatuna haraka."