Pointi za Justus na Wiki ya Thelathini na Sita

Ndugu zangu wa Riyadh na Jeddah, na nyinyi mlioko nyumbani mnaokusanya karatasi za kuja huku, nipeni masikio. Siwaletei habari za kafili, yaani mwajiri mdhamini, mkali wala mshahara uliokwama. Hizo mmezisikia mpaka zimewachosha. Hii ni habari ya mtu mwenye kazi nzuri, mke mwema na akiba benki, aliyekaribia kuivuruga nyumba yake kwa ajili ya zawadi. Nami nilikuwapo, na mkono wangu umo.

Mimi ni Miriam, mwalimu wa chekechea, mzaliwa wa Voi. Mwaka huo wa 2018 mimi na mume wangu tulikuwa tunakaa Suwaidi, Riyadh, na ghorofa ya juu yetu walikaa Justus Muthiani, fundi wa mashine za hospitali, mkewe Jerioth na binti yao Mitchelle wa miaka mitano. Ilikuwa nyumba ya raha. Kila Ijumaa Jerioth alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, akituma sahani chini kwetu, na Justus akiimba nyimbo za Kikamba huku akiosha vyombo. Ndiyo, akiosha vyombo. Wanaume wa jengo letu walimcheka, na wake zao walimfanya mfano.

Januari ile Jerioth alitudokezea kwamba ni mjamzito. Mwenyewe alikuwa na ombi moja tu. Mitchelle alizaliwa hapahapa Riyadh, katika hospitali ambayo mwanamume haruhusiwi kuingia chumba cha uzazi. Jerioth alikaa humo saa kumi na nne peke yake, hajui Kiarabu, hana hata mtu wa kumshika mkono.

"Baba Mitchelle," alimwambia mumewe mbele yangu, "huyu wa pili nataka nimzalie Kibwezi. Nataka mama yangu akuwe hapo."

"Utaenda," Justus alijibu bila kufikiri mara mbili. "Nimekuahidi mbele ya Mwalimu. Mwezi wa tano uko kwa mama yako."

Ahadi nzuri, na pesa za kuitimiza zilikuwapo. Tiketi ilikuwa kama riali elfu moja na mia nne. Mambo yangeishia hapo, nami nisingekuwa na la kusimulia.

Kisha akaja Onesmus.

Onesmus ni binamu yake Justus. Anakaa Jeddah, mtaa wa Aziziya, na ni mtu wa maneno mengi na manukato mengi zaidi. Alikuja Riyadh kikazi mwezi wa pili, akala kwa Jerioth akashiba, halafu akaweka mezani kadi ya benki iliyong'aa.

"Justus, wewe kodi ya familia unalipaje?"

Labda kuna asiyeijua kodi hiyo. Katikati ya mwaka 2017 sisi wageni tulianza kutozwa ada ya wategemezi: mke na kila mtoto analipiwa kila mwezi, riali mia moja kwa kuanzia, na kila mwaka inapanda. Hailipwi kidogo kidogo. Unailipa ya mwaka mzima kwa mkupuo unapohuisha ikama zao, yaani vibali vya kukaa. Usipolipa, ikama haitoki. Na mke mwenye ikama iliyokufa hapati ruhusa ya kutoka nchini na kurudi. Wengi walirudisha familia zao nyumbani mwaka huo, na wengi walilia.

"Nalipa kutoka akaunti," Justus alisema. "Kwani kuna njia ingine?"

"Unatupa pesa, bro! Lipa na kadi. Kila riali unapewa pointi, pointi zikijaa unapanda ndege bure. Mimi Desemba nilienda Nairobi nikarudi, sikutoa hata senti. Serikali inachukua, benki inakurudishia. Si ni akili?"

Niliona macho ya Justus yakibadilika. Kodi ile ilikuwa imemuuma tangu ilipotangazwa, na sasa mtu anamwambia inaweza kumlipa yeye. Kabla mwezi haujaisha alikuwa na kadi yake, na pointi elfu ishirini za makaribisho juu.

Mwanzoni tulicheka naye. Alianza kutulipia bili za umeme na simu kwa kadi, nasi tukampa pesa taslimu. Nami nilimpa zangu, tena nikimshukuru kwa kunipunguzia usumbufu. Kila jioni alifungua simu na kututangazia: pointi elfu ishirini, elfu thelathini, elfu arobaini na tano. Tulimpigia makofi. Tiketi ya Nairobi ilitaka elfu sitini.

Lakini tamaa ya kitu kidogo ina tabia ya kukaa mahali pa vitu vikubwa. Jerioth alikuwa akitamani ndizi za yule Myemeni auzaye kwa pikapu kando ya jengo letu. Myemeni hana mashine ya kadi. Basi Justus alimpita kila siku bila kumtazama, akaenda dukani mbali, akarudi na ndizi za bei mara mbili, mbichi, zisizolika.

"Hizi zina pointi," alisema.

"Mimi sili pointi," Jerioth alimjibu. Nilidhani ni utani, nikacheka. Sikumtazama usoni.

Ikama za Jerioth na Mitchelle zilikuwa zinakwisha mwanzoni mwa mwezi wa tano, mimba ikiwa ya wiki thelathini. Kodi yote ilikuwa riali elfu nne na ushei, na pesa hizo Justus alikuwa nazo. Wiki moja kabla, Onesmus akapiga simu kutoka Jeddah. Ramadhani inakaribia, akasema, na benki itatoa pointi mara tatu kwa mwezi mzima. Justus akapiga hesabu: kodi mara tatu, pointi elfu kumi na tatu na zaidi. Alizokuwa nazo zilikuwa elfu arobaini na saba. Kodi ingemnunulia mkewe tiketi!

"Tungoje Ramadhani," alimwambia Jerioth. "Ni wiki mbili tu."

"Na ikama ikiisha?"

"Kuna faini ndogo, mia tano. Lakini nasevu elfu moja mia nne. Hebu fikiria."

"Baba Mitchelle, mimi sijakuomba tiketi ya bure. Nimekuomba tiketi."

"Utaenda, mama. Si nilikuahidi?"

Mimi nilikuwa nimekaa palepale, na kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa na la kusema, nikalimeza, nikajiambia hayo ni ya mke na mume. Hadi leo najilaumu.

Ramadhani ilipoingia, Justus alilipa kodi na faini kwa kadi, asubuhi ya siku ya kwanza, akifurahi, akaifungia kadi kabatini angoje pointi ziingie mwisho wa mwezi. Kisha akapeleka karatasi kwa mandubu, yule mtu wa kampuni ashughulikiaye mambo ya serikali. Mandubu alikuwa amefunga, hakulala usiku, na ofisi ilifunguliwa saa chache tu. Alipozitazama karatasi alitikisa kichwa.

"Bima ya familia imekufa pamoja na ikama," alisema. "Kwanza bima, halafu ikama, halafu ruhusa ya safari. Ungekuja Shaaban, kabla ya mfungo, ningekumalizia kwa siku mbili. Sasa sabri, ya Justus. Ramadhani."

Subira hiyo ikawa wiki moja, ikawa mbili, ikawa nne. Bima ilitoka, jina likaandikwa vibaya, ikarudishwa. Jerioth alipanga sanduku, akapangua, akapanga tena. Mama yake, Bi Priscah, alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada: "Unakuja lini, mwanangu? Kitanda nimekitandika." Na Jerioth akijibu kila mara, "Wiki ijayo, Mama."

Ruhusa ilitoka siku mbili kabla ya Idi. Justus alifungua simu achukue tiketi yake ya bure, na pointi zilikuwa elfu arobaini na saba zilezile. Akapiga simu benki. Akajibiwa kwa upole kwamba malipo ya serikali hayapati pointi. Iko kwenye masharti, ukurasa wa mwisho. Akampigia Onesmus.

"Kwani wewe uliilipa kodi yako na kadi ukapata pointi?"

Onesmus akapunguza sauti. "Kodi... kusema kweli mimi mtegemezi sina, bro. Mimi niko single. Zangu nilizipata nikinunua fanicha ya ofisi. Nilidhani ni sawa tu."

Justus alikimbia kununua tiketi kwa pesa taslimu. Za kabla ya Idi zilikuwa zimekwisha. Alipata ya siku tatu baada ya sikukuu.

Twende pamoja uwanja wa ndege, ndugu msomaji, maana nilikuwapo. Ni saa sita mchana. Jerioth amevaa gauni jipya, Mitchelle amebeba mdoli wa kumpelekea binamu yake. Mfanyakazi wa kaunta anachukua barua ya daktari, anaisoma, anamtazama Jerioth tumboni, anaisoma tena.

"Wiki thelathini na sita, madam. Huruhusiwi kuruka."

"Barua si ya daktari?" Justus anasema. "Daktari amesema ni mzima!"

"Mzima, alhamdulillah. Wiki thelathini na tano ningempandisha. Sasa mafi, hakuna. Halas."

Jerioth hakupiga kelele. Alichukua barua yake, akaikunja vizuri, akaitia mkobani. Kisha akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Nirudishe nyumbani. Nitazaa peke yangu tena, nimezoea." Njia nzima Justus aliendesha gari machozi yakimtoka. Kuna neno linalouma kuliko tusi, na ni hilo la mke mwema anaposema amezoea.

Jioni ile Justus alishuka kwetu, akakaa sakafuni kama mtu aliyefiwa.

"Mwalimu, nimekosa. Nifanye nini?"

Nilimjibu kwa ukali, maana hasira yangu ilikuwa pamoja na aibu yangu. "Hukushindwa na pesa, Justus! Pesa ulikuwa nazo! Sasa kama mama hawezi kufikiwa, aletwe. Na mpaka aje, hospitali inaruhusu mwanamke mmoja kumsindikiza mzazi. Huyo ni mimi." Likizo yangu ya Voi niliiahirisha siku hiyohiyo, na mume wangu akasema vyema.

Bi Priscah, kwa bahati, alikuwa na pasi ya kusafiria tangu alipokwenda Kampala na kwaya ya kanisa. Ofisi zilipofunguliwa baada ya Idi, Justus aliomba viza ya kutembelea familia. Hakungoja ofa yoyote. Alipokwenda kununua tiketi mtaa wa Batha, mwenye duka alimwuliza kama ana kadi ya kukusanya pointi. Justus alimwambia, "Ndugu, kata tiketi."

Mtoto hakungoja viza. Jerioth alishikwa na uchungu asubuhi moja mwanzoni mwa Julai, na safari hii alikuwa na mtu. Alinibana mkono mpaka pete ikaniacha alama, nikamwimbia nyimbo zote za chekechea ninazozijua, wauguzi wakacheka. Saa nane mchana akaja binti mzima, mwenye sauti kubwa. Wakampa jina la Kikamba la bibi yake Priscah, Ndinda. Jerioth alifurahi, hilo nililiona. Ila aliendelea kutazama mlango.

Siku tisa baadaye Bi Priscah alitua Jeddah, maana ndege za Riyadh zilikuwa zimejaa. Onesmus ndiye aliyempokea. Hakuna aliyemtuma, aliomba mwenyewe. Alimlaza kwake Aziziya, kesho yake alfajiri akampakia garini na kumleta Riyadh, safari ya karibu kilomita elfu moja. Alituambia baadaye kwamba mama yule alimhubiria tangu Taif mpaka walipoyaona majengo ya Riyadh, naye hakuthubutu kuwasha redio.

Tulikuwa wote sebuleni mlango ulipofunguliwa. Mitchelle alipiga yowe, "Susu!" yaani bibi kwa Kikamba. Bi Priscah aliingia na leso yake mabegani, akanawa mikono kwanza, kisha akapiga magoti mbele ya kiti cha binti yake. Jerioth, ambaye hakulia uwanja wa ndege wala chumba cha uzazi, alilia hapo kama mtoto.

"Nimechelewa, mwanangu," Bi Priscah alisema.

"Hukuchelewa wewe, Mama."

Justus alikuwa bado mlangoni, sanduku la mama mkwe mkononi. Akaliweka chini.

"Ni mimi niliyekuchelewesha, Mama," alisema. "Jerioth aliniomba kitu kimoja, na nilikuwa nacho."

Bi Priscah alimtwaa mtoto mapajani mwa Jerioth. Kisha akamnyooshea Justus. "Njoo umshike mwanao, nile kwanza. Nimetoka mbali."

Na Jerioth, machozi bado mashavuni, akasogea kidogo kitini kumpa mumewe nafasi.

FUNZO

Wenzangu, sina ugomvi na kadi za benki. Anayelipa bili yake kwa wakati na kupewa zawadi juu, aipokee na aseme asante. Lakini zawadi ikianza kukupangia lini ulipe, lini mkeo asafiri na ndizi zipi ale, hiyo si zawadi tena. Justus alitaka kuokoa riali elfu moja na mia nne. Alilipa faini, alilipa tiketi iliyopotea, na mkewe alizaa bila mama yake. Hilo la mwisho hakuna benki itakayolirudisha.

Huisha ikama kabla hazijafa, hasa Ramadhani ikikaribia. Soma masharti mpaka ukurasa wa mwisho, na usichukue ushauri wa familia kwa asiye na familia. Nasi majirani tujifunze: tulimpigia makofi Justus kila pointi, na siku mkewe alipohitaji mtu wa kusema neno, tulikuwa tunakunywa chai.

Aliyekuomba jambo unaloliweza, mpe leo, angali anahitaji.